Gitaa Halitaki Ngumi

Kila akitoka shule, Cheche alikuwa na mwendo uleule: viatu huku, begi kule, halafu moja kwa moja kitandani lilikolazwa gitaa.

"Wee! Na vyombo je?" mama yake angemfokea. Mama alikuwa fundi cherehani, na hata akifoka mguu wake haukuacha kukanyaga mashine.

Basi Cheche anarudi, anaosha vyombo mbiombio, vikombe vingine vinabaki na povu, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza. Jina la Cheche walimpa wenzake darasani, maana mtoto huyu alikuwa mtu wa haraka kwa kila kitu. Akila, wa kwanza kumaliza. Mwalimu akiuliza swali, mkono wake uko juu hata swali halijaisha, na jibu lenyewe mara nyingi si lenyewe.

Gitaa lilikuwa la umeme, mali ya shule. Mwalimu wa muziki alimruhusu kwenda nalo nyumbani, lakini spika yake ilibaki shuleni, imefungiwa stoo. Na hata angepewa, angeipigia wapi? Nyuma ya ukuta alilala nesi wa zamu ya usiku, mtu ambaye mchana ndio usiku wake. Sasa gitaa la umeme bila spika linanong'ona tu. Ili ajisikie, Cheche akawa anazichapa nyuzi kwa nguvu zake zote. Kile kiplastiki cha kupigia nyuzi alikibana mpaka kucha zikawa nyeupe, meno ameyakaza, bega limepanda karibu liguse sikio.

Shida ilikuwa kipande kimoja. Bendi ya shule ilikuwa ikiandaa wimbo wa mashindano, na katikati ya wimbo palikuwa na mahali gitaa linakimbia peke yake, noti zinamwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililotoboka. Polepole Cheche alikipiga vizuri tu. Lakini mwendo ukifika ule wa wimbo, mkono unageuka gogo. Noti zinapandana, nyingine zinapotea zisijulikane zilikokwenda.

Badala ya kusema, akatafuta njia ya mkato. Mazoezini, kipande kile kikikaribia, kidole chake kidogo kilizungusha kitufe cha sauti na gitaa likawa bubu. Yeye aliendelea kuutikisa mkono kama bingwa. Noti zilipigwa na rafiki yake mpiga kinanda, ambaye kwa ajili ya miwani yake walimwita Profesa. Kinanda chake kilikuwa na sauti ya gitaa ndani yake.

"Iko siku tutakamatwa," Profesa alinung'unika.

"Na nani? Mwalimu, muziki ukimkolea, anafumba macho."

"Akiyafumbua je?"

"Profesa, acha kiherehere. Piga kinanda."

Hawakukamatwa. Kilichotokea kilikuwa kibaya zaidi: walisifiwa. Siku moja mwalimu alipiga makofi kunyamazisha bendi, uso umemjaa tabasamu.

"Kile kipande cha gitaa ni kitamu mpaka nimekosa usingizi," alisema. "Nimeamua kifungue wimbo. Vyombo vyote kimya, gitaa peke yake. Kinanda, wewe utaingia baadaye."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Cheche akakitazama kile kitufe cha sauti.

Jioni ile na zilizofuata alijifunza kama mtu aliyegombana na nyuzi. Alipiga kwa nguvu, akakosea, akazidisha nguvu. Maumivu yakaanzia kwenye kiwiko, yakateremka hadi kwenye kifundo cha mkono. Hakusema. Lakini asubuhi moja mama alimwona anakunywa chai kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini wewe ukawa wa kushoto?"

"Najaribu tu, mama."

"Unajaribu." Mama alimtazama, akaguna, akachukua simu na kumpigia wifi yake.

Jumamosi shangazi akafika. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya harusi, mwanamke mnene, kicheko chake kinaingia chumbani kabla yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipigie hilo balaa lako."

Cheche akapiga. Shangazi hakutazama nyuzi hata kidogo, alitazama bega, shingo na taya.

"Hebu simama kwanza. Unapiga gitaa au unapasua kuni?"

Mama alicheka mpaka akatema pini alizokuwa amezibana mdomoni.

"Shangazi, lazima nitumie nguvu. Hapa ni pa kasi!"

"Nani kakwambia kasi na nguvu ni ndugu?" Shangazi akaushika mkono wa Cheche, akautikisa. "Legeza."

"Nimelegeza."

"Hapa umelegeza? Basi na mimi ni mwembamba. Legeza! Kwani kwa nini unazichapa hivi?"

"Nisipozichapa sisikii kitu. Spika iko shuleni."

Shangazi akapiga paja. "Ndiyo maana! Mwanangu, kupaza sauti ni kazi ya spika. Mkono wako unafanya kazi isiyokuwa yake, halafu unashangaa ukichoka. Njoo hapa."

Akamkalisha kando ya kabati la nguo na kumwambia aegemeze pembe ya gitaa kwenye mlango wa kabati. Cheche aligusa uzi mmoja tu. Sauti ikavimba, ikajaa mbao zote.

"Mama! Kabati linaimba!"

"Liache liimbe, wewe gusa tu," shangazi alisema. "Shika hicho kiplastiki kama umeshika kifaranga: asikutoroke, na usimuue. Ncha tu ndiyo iguse uzi. Chini, juu, chini, juu, mwendo mdogo kabisa, unatoka kwenye kifundo. Kiwiko kipumzike. Polepole! Ukihisi umekaza, simama, ukung'ute mkono, uanze upya. Na leo ukiumwa, umemaliza. Hakuna ushujaa hapa."

"Sasa nitaweza kabla ya mashindano?"

"Si ulikuwa unakipiga kipande hiki kwenye mazoezi?"

Cheche akainamisha kichwa. Yakamtoka yote: kitufe, kinanda, sifa za mwalimu. Cherehani ya mama ikanyamaza. Safari hii shangazi hakucheka.

"Mkono nitakufundisha mimi," alisema. "Hilo la kitufe utalimaliza mwenyewe, kwa mwalimu wako."

Jumatatu Cheche alisimama mbele ya mwalimu, maneno ya kitufe na ya mkono unaouma yakamtoka mbio kama kawaida yake, mwalimu akamwambia arudie taratibu. Kurudia taratibu kulimuuma kuliko mkono. Kabla hajamaliza, Profesa akajitokeza nyuma yake.

"Tulikuwa wawili, mwalimu."

Mwalimu aliwatazama kwa zamu. "Kwa hiyo nilichokuwa nakisifia ofisini kwa walimu wote ni kinanda?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mmenivua nguo, nyinyi watoto." Akamgeukia Cheche, akasema, "Ijumaa utapiga mbele ya bendi nzima, peke yako. Ukiweza, wimbo unaufungua wewe. Ukishindwa, gitaa nampa mwenzako. Wapo wanaolisubiri."

Wiki hiyo Cheche aliishi na kabati. Jambo gumu kwake lilikuwa upole, si kazi. Mkono ulitaka kukimbia, akaurudisha. Ukakaza, akaukung'uta. Jumatano uvumilivu ukamwishia, akaongeza mwendo kwa pupa, gogo likarudi. Alikitupa kiplastiki sakafuni, machozi yakamlenga.

"Kiokote," mama alisema bila kuinua macho kwenye sare za shule alizokuwa akishona. "Usikimbie. Nifuate mimi."

Akakanyaga mashine taratibu, tak, tak, tak, kama mtu anayetembea jioni bila haraka ya kufika. Cheche akapiga akifuata. Kila mashine ilipogonga, noti ilikuwa mahali pake. Akarudia, akarudia tena, macho ameyafumba, akisikiliza mguu wa mama tu. Alipofungua macho, mama alikuwa anatabasamu.

"Unajua sasa hivi tulikuwa mwendo gani?"

"Si uleule wa mwanzo?"

"Uleule wapi! Nimekuongezea kidogokidogo tangu muda ule. Hivi ninavyokanyaga ndivyo ninavyoshona pindo nikiwa na haraka."

Cheche akauimba wimbo wa bendi juu ya mlio wa mashine. Ulikaa sawasawa. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Haukuuma.

Ijumaa bendi ilijaa chumba cha muziki. Cheche akachomeka waya, spika ikavuma. Akaanza, na macho ya wenzake yakamwingia mkononi. Bega likapanda, noti zikagongana.

"Cheche kazimika!" mpiga ngoma akasema, wengine wakacheka.

Zamani angelia, au angezungusha kitufe. Sasa aliinua mkono. "Mwalimu, naomba kuanza upya."

"Anza."

Akaukung'uta mkono, akashusha bega, akapumua mpaka pumzi ikaisha. Kisha akagusa. Akagusa tu. Spika ikafanya kazi yake, na noti zikatoka moja moja, safi, mbio, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Mpiga ngoma akaacha kuchezea vijiti. Kipande kikaisha, na palepale ambapo kinanda kilitakiwa kuingia, pakawa kimya.

"Profesa! Umelala?" mwalimu aliuliza.

"Samahani, mwalimu. Nilikuwa nasikiliza."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Cheche akacheka kuliko wote.

Kicheko kilipotulia, mwalimu akasogea mbele. "Gitaa linabaki kwako," alimwambia Cheche. "Lakini sikilizeni wote. Huyu alipoficha kosa lake, mkono ulizidi kuumia na hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua. Siku aliyosema ukweli ndiyo siku aliyoanza kujifunza. Kama jambo limekushinda, sema. Mwili ukikuuma, sema. Halafu rudi kazini, taratibu, mpaka uliweze. Kuanza upya mbele za watu si aibu. Aibu ni kupigiwa makofi kwa kazi ya mwingine."

Akawaonyesha kwa kidole warudi kwenye vyombo vyao. "Haya, toka mwanzo. Gitaa!"

Wimbo ukaanza, na safari hii hakuna aliyechelewa kuingia.