Mtoa Taarifa wa Tatu

"Wahida, huyu mtoa taarifa wa tatu ni nani?"

Mrisho alisimama mlangoni, karatasi mkononi. Wahida alipomtazama mumewe usoni akajua hana pa kukimbilia.

"Umezipata wapi?"

"Kwa Hajra. Umempelekea dada yangu akuchapishie, ukadhani hatasoma? Sikiliza. 'Naiendesha karakana kwa kumwogopa baba. Siku akifumba macho, kesho yake naiuza.' Haya nilikwambia wapi?"

Mrisho alimwambia kitandani, mwaka juzi, huku akilia.

"Jina lako sikuliandika," Wahida alisema kwa sauti ndogo.

"Karakana ya milango, Bagamoyo, kifungua mimba aliyeachishwa ualimu. Tuko wangapi?"

Wahida alikuwa meneja wa saccos. Kwa miaka minne, kila Ijumaa alikwenda Dar kusomea udaktari wa biashara, na Mrisho akabaki kulea watoto. Tasnifu yake ilihusu namna biashara za familia zinavyorithiwa. Zilibaki siku tisa aitetee.

Simu ya Mrisho ikaita. Baba yake, Mzee Kitwana. Akaweka spika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hajra kanisomea. Niletee funguo za karakana."

"Baba, nakuja tuzungumze..."

"Funguo, Mrisho."

Ikakatika. Mrisho akaziweka karatasi kitini.

"Umeninyima hata nafasi ya kumwambia mwenyewe," alisema, akatoka.

Wahida akampigia msimamizi wake wa masomo.

"Daktari, naiondoa sura ya nne, ile ya mtoa taarifa wa tatu."

"Hiyo ndiyo tasnifu yenyewe, mama. Ukiiondoa hutetei mwaka huu. Utafute familia nyingine, uhoji upya."

"Naelewa."

"Kwani mhusika hakuridhia?"

"Sikumuuliza."



"Basi iondoe," alisema msimamizi.

Wahida akamwandikia mumewe: "Nimeiondoa. Sitetei mwaka huu. Uliniambia mimi mkeo, nami nikakuandika. Nimekosa, Mrisho."

Meseji ilisomwa.

Mrisho alirudi alasiri, mikono mitupu, akaketi.

"Baba kasemaje?"

Akafungua kinywa, kisha macho yakamwendea kwenye simu ya mkewe pale mezani. Akakifunga. Wahida alielewa kwamba anaogopa kurekodiwa, na hilo likamchoma kuliko tusi. Akaizima simu, akaipeleka chumbani, akarudi na kusimama karibu na mlango.

"Nimempa funguo," Mrisho alisema. "Nikamwambia kazi yake siitaki, sijawahi kuitaka. Miaka kumi na mbili, leo ndiyo nimemwambia."

"Naye?"

"Kaniuliza kwa nini nilimwambia mwanamke kabla yake."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba wewe ulikuwa unanisikiliza."

Machozi yakamtoka Wahida. Mrisho hakuinuka kumfuta, wala hakuondoka.

"Sijakusamehe," alisema. Akasogea kidogo kwenye kochi. "Lakini njoo ukae, nikumalizie habari. Mzee amelia."