Cheche ya Sweta

Kila siku baada ya masomo, Loisi alipita njia ileile: darasa la sita, uwanja wa vumbi, chumba cha seva. Wenzake walirudi makwao makundi makundi. Yeye alitembea na kivuli chake, nacho hakikuwa mwongeaji. Alikuwa na miezi mitatu tu Dodoma tangu atoke Iringa kuja kuishi na shangazi yake, Frida, fundi wa kompyuta katika chuo jirani na shule.

Seva ilikuwa kompyuta nene kama kabati, iliyotunza matokeo ya wanachuo wote. Mwaka ule wa 1999 chuo kilikuwa nayo moja tu. Ilivuma kutwa, na Loisi aliupenda mvumo huo. Ulikuwa afadhali kuliko ukimya.

Mtu mmoja tu alimchangamkia: Mzee Yoramu, mfagiaji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mhehe! Baridi ya Iringa imekugandisha ulimi? Sema kwa sauti!"

"Na wewe Mgogo, jua limekukausha masikio!"

Wagogo na Wahehe ni watani, hakuna anayenuna. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maongezi yote ya Loisi.

Kila Jumamosi shangazi alizima seva, akafungua mfuniko na kupuliza ndani kwa pampu ya baiskeli, kwa kuwa vumbi la Dodoma halipigi hodi. Loisi alimmulikia kwa tochi.

"Ubao huu wa kijani ndio barabara za vifaa vyote," shangazi alieleza. "Prosesa hii inafikiri. Vijiti hivi vinne ni kumbukumbu, vinaishikia prosesa kazi ya sasa hivi. Diski zile zinatunza mambo hata umeme ukikatika, na nyaya hizi bapa zinaziunganisha na ubao. Angalia tu. Usiguse."

Jumamosi moja ya Julai, upepo mkavu ukivuma, shangazi aliitwa kwenye simu. Loisi akaona vumbi kwenye kijiti cha pili. Akakichomoa, akakifuta kwa sweta lake la shule. Tsi! Cheche ikamuuma kidole. Akakirudisha haraka, kikalia ta!

Shangazi alipowasha, seva ililia pii, pii, pii, ikanyamaza.

Mkuu wa chuo, Bwana Ambokile, alifika akihema. "Matokeo yanatoka Jumatatu! Nani aliingia humu?"

"Nilipiga deki asubuhi, mkuu," alisema Mzee Yoramu.

"Maji karibu na seva! Acha funguo mezani, mzee. Jumatatu usije."

Mzee Yoramu aliweka funguo, akachukua ndoo yake. Alimpita Loisi, akatoka.

Shangazi alichomoa waya mmoja baada ya mwingine akitafuta kosa. Saa nzima ikapita. Loisi alizitazama zile funguo mezani mpaka macho yakamchoma.

"Shangazi, ni mimi. Nilifuta kijiti cha pili kwa sweta."

"Sweta kavu huzaa umeme, na cheche yake huua kijiti," alisema shangazi. Akakitoa kijiti hicho pamoja na mwenzake, maana seva ile ilitumia vijiti viwili viwili. Akawasha. Pii moja, kisha mvumo.

"Itakwenda polepole, lakini matokeo yatatoka. Seva imepona. Mzee Yoramu bado. Twende kwa mkuu, ukamwambie mwenyewe."

Loisi alisema yote. Jioni ileile Bwana Ambokile alikwenda kumrudishia mzee funguo na kumwomba radhi.

Jumatatu Loisi alimkuta akifagia.

"Shikamoo, babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimesikia." Basi, akaendelea kufagia.

Loisi alijificha kwenye mvumo wa chumba cha seva, shangazi akiwa kazini. "Shangazi, kwa nini kijiti kimoja kilizuia mashine nzima?"

"Kabla ya kuamka, seva hukipa kila kijiti kitu cha kushika, kisha hukiuliza. Kikijibu uongo, haiendelei, kwa sababu kila kazi itakayofuata itaharibika. Kugusa lilikuwa kosa, mwanangu. Lakini ukimya wako ndio uliomtoa mzee kazini. Ukweli usiucheleweshe, kuna mtu anaulipia."

Jumanne ilikuwa "marahaba" tupu. Jumatano Loisi alikaribia kupita kwa mlango wa nyuma. Akajikaza.

"Shikamoo, babu."

Mzee Yoramu aliegemea ufagio. "Marahaba, Mhehe. Simama hapohapo! Vua kwanza hilo sweta, usije ukaniunguza ndevu!"