Kifaa cha Chumbani kwa Bibi

Kila asubuhi Bibi hufungua dirisha, huchemsha chai, kisha huketi chumbani na kushona. Hurekebisha nguo za watu: vifungo, zipu, mapindo. Anaishi peke yake, na anapenda hivyo.

Siku moja aliteleza bafuni. Hakuumia sana, lakini binti yake, mwoka mikate, aliingiwa na hofu. Akanunua kifaa kidogo cheupe, akakibandika kwenye ukuta wa chumba cha Bibi. Kifaa hicho huhisi mtu anapotembea. Mchana, saa nzima ikipita bila mwendo, hutuma ujumbe kwenye simu ya binti.

Ujumbe ukawa unafika karibu kila siku. Siku hiyo ulimkuta binti ana unga hadi viwikoni. Akaacha mikate kwenye tanuri, akatoka mbio. Alimkuta Bibi ametulia kitini, sindano mkononi.

"Nimekufa tena?" Bibi akauliza.

"Mama, usinitanie. Mikate inaungua huko."

"Pole, mwanangu. Basi kaa unywe chai ya marehemu."

Binti hakucheka. "Siwezi tena, Mama. Mwisho wa mwezi unahamia kwangu."

Bibi akaweka sindano chini. "Kwako nitashonea wapi? Na wateja wangu?"

Binti hakutaka kumhamisha mama yake. Alitaka tu kulala bila wasiwasi.

Kesho yake alimwita fundi wa vifaa hivyo, mwanamke wa mtaa huohuo. Fundi hakugusa ukuta kwanza. Alivuta kigoda, akaketi karibu na Bibi.

"Bibi, siku yako inakwendaje?"

"Nashona. Nikichoka kushona, nashona nguo nyingine."

"Na ukibadilisha nguo?"

Bibi akaona haya. "Nakifunika kitambaa. Mtu mzima kama mimi nivue nguo mbele ya jicho la ukutani? Saa nyingine nasahau kukifunua."

"Mama, mbona hukuniambia?" binti akauliza.

"Wewe uliniuliza? Nilitoka sokoni nikakikuta ukutani, kama mgeni asiyebisha hodi."

Fundi akatabasamu. "Hiki hakina jicho, Bibi. Hakipigi picha wala hakisikilizi maneno. Kinahisi joto la mwili linapopita. Lakini vipo vinavyoona na kusikia, kwa hiyo una haki ya kuuliza kabla kifaa hakijawekwa."

"Na ninaposhona?"

"Vidole tu ndivyo vinavyosogea. Kinadhani hakuna mtu. Waliokitengeneza walimfikiria mtu wa kuzungukazunguka. Hawakumfikiria mshonaji."

"Kumbe hakinijui."

"Hakikujui. Inabidi sisi tukifundishe nyumba hii."

Wakapanga pamoja. Kifaa kikatolewa chumbani, kikawekwa kwenye mlango wa bafu. Bibi akiingia akachelewa kutoka, kwanza kitalia hapohapo. Akiwa mzima, atabonyeza kitufe kilichofungwa ukutani chini, karibu na sakafu. Asipobonyeza, ndipo ujumbe utamfikia binti.

"Jambo moja zaidi," fundi akasema. "Umeme au mtandao ukikatika, kifaa kitanyamaza. Kikinyamaza, msidhani kila kitu ni shwari. Pigianeni simu kila jioni."

Simu za jioni zikawa ndefu. Bibi alisimulia habari za wateja hadi binti akasinzia na simu sikioni. Ujumbe ukakoma, na mwisho wa mwezi ukapita bila mtu kufunga mizigo.

Kisha asubuhi moja ujumbe ulifika. Binti hakujiuliza mara mbili. Alimkuta Bibi ameketi kwenye sakafu ya bafu, goti limekaza, kitufe hajakibonyeza. Akamwinua polepole, akamkalisha kitandani, akamkanda mguu.

"Sasa nahamia kwako?" Bibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, Mama. Kesho naleta mtu afunge chuma cha kushikia bafuni. Kama wewe unakubali."

"Nakubali," Bibi akasema. "Umeniuliza vizuri."