Fungu Moja la Diski

“Nge, jiko limewaka.”

Redio ikanyamaza. Jasusi aliyeitwa Nge alikuwa keshaanza kupanda ngazi za Ofisi ya Ardhi, mbilimbili, bastola ya Walther kiunoni.

Saa nne na nusu asubuhi. Saa sita mahakama ingesikiliza kesi ya bonde: kaya elfu tatu upande huu, kampuni ya kigeni upande ule. Hati zote za bonde zilikuwa kwenye seva, kompyuta kuu za kuhifadhia kumbukumbu, ghorofa ya tatu.

Bila hati, hakuna bonde.

Nge aliujua mchezo huu. Alipokuwa na miaka tisa, moto ulizuka ofisi hii hii. Moto wenye akili zake: ulichagua kabati moja tu la chuma, lenye hati ya shamba la baba yake. Karani wa siku hiyo ndiye mkurugenzi wa leo.

Teke moja. Mlango wa seva ukafunguka.

Fundi wa kiyoyozi, ambaye hakuwa fundi wa kiyoyozi, aligeuka na bisibisi mkononi. Nge akamkwepa, akamvunja kifundo cha mkono, akamlaza sakafuni.

Kioo cha kompyuta kilisomeka: FUNGU LA DISKI LIMEFUTWA.

“Umechelewa, kaka,” yule mtu alisema, akicheka na damu mdomoni.

Mkurugenzi akaingia na huzuni ya kuazima. Nge akauliza nakala za akiba ziko wapi. Nazo zilikuwa humo humo. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeagiza: diski zote ziunganishwe kuwa fungu moja kubwa, mashine pepe zote kumi na mbili, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta, zikae humo pamoja na nakala zake. Mtunza seva, mama wa makamo waliyemwita Mama Diski, aliandika barua tatu kupinga. Akajibiwa kwamba nakala si watoto, hazidai vyumba vyao.

Mama Diski alikuwa amesimama mlangoni.

“Barua ya nne sikuandika, mkurugenzi. Nilichoka kubembeleza ukuta.”

Kwa miaka miwili, kila Ijumaa, alinakili kila mashine kwenye fungu dogo la peke yake, lenye nafasi ya kukua. Kisha alichomoa waya na kuzifungia diski.

“Wapi?” mkurugenzi aliuliza.

“Kwenye kabati lililoungua. Nilijua wewe hutalifungua.”

Mashine yenye hati za bonde ilirudishwa peke yake kwa dakika arobaini. Nakala zingekuwa zimerundikwa pamoja, zingehitaji siku mbili, na jaji hangoji.

Wakati inarudishwa, Nge aliokota simu ya Nokia ya fundi wa uongo, akabonyeza namba ya mwisho iliyopigwa.

Mfuko wa mkurugenzi ukalia.

Nge alimfunga pingu, akazikaza tundu moja zaidi ya ilivyohitajika.

“Hiyo moja ya baba,” alisema.

Redio ikakoroma: “Nge, hali?”

“Jiko limezimwa. Mpishi ninaye.”

Aliwakabidhi wote wawili kwa polisi waliofika wakihema, akamwinamia Mama Diski kwa heshima, akafunga kifungo cha koti.

Kisha akashuka ngazi. Safari hii, mojamoja.