Matufaha ya Watu Arobaini

Kamshat alikuwa ameinama juu ya kreti la matufaha ya aporti katika Soko la Kijani la Almaty, tunda moja ameliweka sikioni, analitikisa taratibu, ndipo mtu akacheka nyuma yake.

"Linasemaje?"

"Linasema nyuma yangu kuna mmbea," akajibu bila kugeuka.

Alipogeuka alimkuta kijana mrefu, koti la buluu la kazi limejaa vumbi la mbao hadi kwenye kola, mikononi ana mfuko wa matufaha mekundu yanayong'aa. Kamshat aliuchungulia ule mfuko akatikisa kichwa. Siku hiyo alikuwa amevaa koti lake la rangi ya haradali, nywele amezifunga juu kwa haraka, na alikuwa mzuri kuliko alivyojijua.

"Hayo ni ya nini?"

"Ya sharlotka, keki ya matufaha. Bibi yangu kanituma."

"Basi atakula uji. Bonyeza hapa. Umeona kidole kinavyoingia? Laini likiingia kwenye oveni linayeyuka. La kuoka liwe gumu, liwe chachu, na linukie hapa kwenye kikonyo. Halafu litikise."

Kijana akalitikisa moja. "Kimya."

"Kimya maana yake limechumwa mapema. Likiiva, mbegu huachia, utazisikia zikicheza. Hilo litabaki jekundu hivyo hivyo kwa nje mpaka lioze."

"Kwa tunda tu unatisha hivi," akasema, "je, kwa mtu?"

"Mtu simtikisi. Namsikiliza tu."

Jina lake lilikuwa Darkhan, fundi wa milango na madirisha, mwenyeji wa Talgar, nje ya mji, na mchana huo alichelewa kazini kwa saa mbili nzima akichagua matufaha kumi na mawili. Msomaji, ukimwona mwanamume anachagua matunda kwa uangalifu kiasi hicho, jua si matunda anayoyachagua.

Kiangazi kikaisha, vuli ikaingia Almaty na majani yake ya njano, na simu zikawa haziishi.

"Tufaha langu la aporti, umeamka?"

"Tufaha gani, la kuoka au la mezani?"

"La kuficha mfukoni nisimwonyeshe mtu."

"Acha uchokozi, Darkhan. Nina mtihani."

Alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na alikuwa amemwambia waziwazi: ndoa ni baada ya chuo, na yeye ataposwa kwa mama yake, kwa heshima, mchana kweupe. Sababu aliijua kila mtu nyumbani kwao. Dada yake Bayan alichukuliwa kwa nguvu kuolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Alialikwa chai, akavishwa kitambaa cheupe cha bibi harusi kichwani, na alipokimbilia mlango akamkuta bibi wa ile nyumba amelala kizingitini. Anayemruka mzee hujiletea laana, ndivyo wanavyoamini kule, na baya lolote litakalompata atakumbushwa siku hiyo. Bayan hakuruka. Mwaka wa saba huu, na bado huongea kwenye simu kwa kunong'ona.

Darkhan aliyajua yote hayo, na aliapa hatamfanyia hivyo.

Wiki ya kwanza ya Oktoba simu ikaita, namba ngeni.

"Kamshat mwanangu? Mimi Shangazi Zeinep, shangazi yake Darkhan. Bibi anatimiza miaka themanini Jumamosi. Huyu mtoto anatuimbia sharlotka yako asubuhi na jioni. Njoo uioke hapa hapa kwetu, jiko lipo."

"Nitakuja, Shangazi. Mtakuwa wangapi?"

"Ni sisi tu, watu wa nyumbani. Chagua matufaha mazuri, mwanangu. Ya kutosha watu arobaini."

Kamshat alicheka. Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi, hakucheka. Kisu chake kilisimama katikati ya kiazi.

"Watu wa nyumbani arobaini?"

"Mama, majirani nao wanakula."

Jioni ile Bayan alipiga simu. "Usiende," akanong'ona.

"Dada, Darkhan si mtu wa namna hiyo."

"Hata wangu hakuwa mtu wa namna hiyo. Mpaka siku ile."

Kamshat hakulala vizuri, lakini Ijumaa alikwenda sokoni. Alichagua kreti mbili. Alibonyeza, akanusa, akatikisa, na kila alipoongeza tunda aliirudia ile hesabu ya arobaini. Ukipenda, unajiziba masikio mwenyewe. Alilipia akaondoka.

Jumamosi mchana Darkhan alimfuata na gari lake la kubebea mbao. Hakutania. Njia nzima hadi Talgar alishika usukani kwa mikono miwili, na Kamshat alipomuuliza kama anaumwa alisema ni usingizi tu.

Uani kwao ngozi mbili za kondoo, mbichi bado, zilikuwa zimetundikwa kwenye uzio. Jikoni kulikuwa na wanawake tisa, na alipoingia wote walinyamaza kwa pamoja, kisha wote wakaanza kumsifia kwa pamoja. Shangazi Zeinep, mnene, gauni jipya la kijani, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Karibu, karibu. Mikono gani hii! Wewe menya tu, mwanangu, usijali."

Kamshat alimenya. Alikata, akapiga mayai na sukari, akamimina rojo juu ya vipande, akaingiza trei ya kwanza kwenye oveni. Kisha akaenda kunawa mikono, na alipokuwa akirudi koridoni aliona mlango wa sebule uko wazi kidogo.

Pembeni mwa sebule lilitundikwa pazia jeupe la harusi lenye nakshi nyekundu. Bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Nyuma yake kulikuwa na godoro jipya na mito miwili.

Maji yalikuwa yakimdondoka vidoleni. Darkhan alikuwa amesimama mwisho wa korido.

"Lile pazia la nani?"

Darkhan akatazama sakafu.

"Nakuuliza, Darkhan. La nani?"

Kabla hajajibu, kitu chepesi kilimtua kichwani kwa nyuma. Kitambaa. Wanawake walipiga vigelegele, na Shangazi Zeinep akamkumbatia mabegani kwa mikono yenye nguvu. "Usilie, mwanangu, sote tulilia. Kesho utacheka."

Kamshat alikivuta kitambaa akakitupa, akajinasua, akakimbilia mlango wa mbele. Na pale kizingitini, ndani ya kizibao chake cha mahameli na vifungo vya fedha, Bibi Kulyash alikuwa amelala chali, miaka themanini, mikono kifuani.

"Niruke," akasema bibi, macho kwenye dari. "Kama unaweza, niruke."

Kamshat aliinua mguu. Akaushusha. Aliuinua tena, akaushusha tena. Alimfikiria Bayan, akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba dada yake hakuwa mwoga. Nje aliona barabara, iko hatua nne tu. Kutoka jikoni harufu ya keki inayoungua ilianza kusikika, na hakuna aliyekwenda kuitoa.

Ndipo Darkhan akaja. Alimbeba Kamshat mikononi, akapanua hatua, akamruka bibi yake mzazi.

Nyumba nzima ilipiga ukelele. Shangazi Zeinep akajipiga mapaja. "Umemruka! Darkhan, umemruka bibi yako kama mzoga!"

"Nimemruka mimi," akasema bila kugeuka. "Yeye mguu wake haujapita. Mkilaani, mnilaani mimi."

Garini, walipofika daraja la kwanza, Kamshat akauliza.

"Ulijua?"

"Asubuhi niliona pazia." Alibadilisha gia. "Nikajiambia labda ni la binamu. Nikajiambia labda ukifika, ukiiona nyumba, utaridhika mwenyewe."

"Ulijiambia. Ukaja kunichukua. Ukaendesha gari saa nzima umekaa kimya."

"Kamshat wangu..."

"Mimi si wako. Simamisha gari. Usinipigie."

Alishuka kituo cha basi. Machozi yalimtoka ndani ya basi, mbele za watu, hakuyafuta. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wiki sita zikapita. Darkhan alipiga, simu haikupokelewa. Huko Talgar, Bibi Kulyash aliingia kitandani siku ile ile na hakutaka kuinuka. Ng'ombe akaacha kutoa maziwa, Shangazi Zeinep akateguka bega, paa la banda likabomoka kwa theluji ya kwanza, na kila kilichoharibika kilipewa jina la Darkhan. Watu walimsalimia kwa mbali.

Katikati ya Novemba namba ile ngeni ikaita tena. Sauti ya Shangazi Zeinep ilikuwa ndogo.

"Bibi hali chakula. Kasema kuna kitu kimoja tu atakachokula."

Kamshat alikaa chini. "Safari hii mko wangapi, Shangazi?"

"Mmoja."

Mama yake alikuwa anasikiliza. "Hutoki humu ndani. Mtego hautegwi mara moja tu."

Kamshat akampigia Darkhan, kwa mara ya kwanza tangu daraja lile.

"Bibi anaumwa kweli?"

"Kamshat?" Akatoka uani. "Sijui. Hataki niingie chumbani kwake. Nasikia kikohozi tu."

"Ni mtego?"

"Sijui. Naapa sijui. Usije, Kamshat. Nakuomba usije."

"Ungesema njoo, nisingekuja," akasema, akakata simu.

Sokoni alitumia saa nzima kuchagua matufaha matatu. Muuzaji alichoka naye. Matufaha ya mwisho wa msimu hudanganya, ngozi nzuri na moyo mweusi, kwa hiyo aliyanusa kila pembe, akayatikisa mpaka akaridhika. Kisha akapanda basi la Talgar, mfuko mapajani, simu mkononi, Bayan upande wa pili akisikiliza njia nzima bila kukata.

Alipokaribia ile nyumba alipunguza hatua. Kulikuwa na kitu hakipo, na ilimchukua muda kukiona.

Nyumba haikuwa na mlango. Uwazi mtupu, theluji imeingia hadi koridoni. Darkhan alikuwa uani na bisibisi mkononi, masikio mekundu kwa baridi, na nyuma yake, kwenye shina la mtufaha, ilikuwa imeegemezwa milango minne: wa uani, wa mbele, wa sebule, wa jikoni.

"Ulipokata simu nilijua unakuja," akasema. "Sikuwa na uhakika na watu wangu. Basi nimeing'oa yote."

Kamshat aliigusa ile milango, mmoja baada ya mwingine. Akaingia.

Bibi Kulyash alikuwa jikoni kwenye kiti, amevaa makoti matatu, amekonda. "Mjukuu wangu alishindwa kuniua kwa kuniruka, sasa anajaribu kwa baridi," akasema. "Washa oveni, tuote moto."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Menya."

Kamshat akamenya. Tufaha la kwanza lilikuwa jeupe mpaka kwenye moyo, mbegu nyeusi zimeiva. Bibi aliichukua mbegu moja akaigeuzageuza kiganjani.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," akasema. "Nilitoka kuchuma matufaha. Kikapu changu kilibaki barabarani. Bibi wa nyumba hii alilala palepale nilipolala mimi. Sikumruka."

Oveni ilianza kuunguruma.

"Siku ile, nikiwa pale chini, niliona viatu vyako vinatetemeka. Miaka sitini na mitatu, mwanangu, nilikuwa nimesahau vinavyotetemeka. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo uniruke. Na bado sikuinuka." Alijifunika uso na kitambaa chake. "Hicho ndicho kinachoniumiza. Si mguu wa Darkhan."

Kamshat alipiga magoti, akamshika mikono, wakalia wote wawili bila haya.

Baadaye Darkhan alikuja hadi kizingitini akasimama nje. "Kamshat, kuna jambo nataka kukuuliza. Sikuulizi ukiwa humo ndani."

Akatoka. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka. Kule barabarani basi la kurudi mjini lilikuwa limesimama, injini inawaka, na Shangazi Zeinep, mkono kwenye bandeji, alikuwa ameshika uzio akiwatazama.

"Nilinyamaza siku ile," akasema Darkhan. "Sitanyamaza tena. Utakubali nije kwa mama yako?"

"Mpaka nimalize chuo."

"Nitangoja."

"Hata mwaka mzima?"

"Nina miaka themanini!" sauti ya bibi ikatoka ndani. "Fupisheni!"

Kamshat alicheka, na machozi yakamtoka tena. Akalitazama basi. Hapakuwa na mtu njiani, hapakuwa na mkono wa kumzuia, na angeweza kwenda. Basi likafunga milango yake likaondoka. Harufu ya matufaha ikamfikia kutoka jikoni, tamu, inayokaribia kuungua.

Akageuka, akarudi mwenyewe, akavuka kizingiti kile kitupu kwa mguu wa kulia.

"Rudisha mlango, Darkhan," akasema akiwa ndani. "Ila kitasa kiwe cha kufungulia kutoka ndani."