Studio ya Stoo

Shoga yangu mmoja, msusi wa nywele, siku hizi hakai chumba kilichofungwa. Hata chooni huacha mlango wazi kidogo. Tukimcheka, hutusimulia haya.

Alikuwa ameanza kujifunza kurusha michezo ya video mubashara mtandaoni. Kwao kuna kelele kama sokoni, kwa hiyo akageuza stoo kuwa studio. Akatundika mablanketi ukutani na kusimamisha godoro mlangoni, ili sauti isiingie wala kutoka. Mchana mmoja akaingia kuhariri video yake ya kwanza.

"Mama, nisiitwe mpaka nimalize," akasema, akajifungia.

Alikuwa akikata sehemu alizobabaika, mara umeme ukakatika. Giza likawa totoro. Akapapasa, akaliondoa godoro, akashika kitasa. Mlango ukagoma.

Ndipo akasikia mtu akiongea sebuleni. Alidhani ni video yake, lakini kompyuta ya mezani ilikuwa imezimika pamoja na umeme. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Ilimuuliza mama kama chai iko tayari.

"Ipo, mwanangu," mama akajibu. "Leo umewahi kumaliza."

Akaupiga mlango kwa ngumi, akaita mpaka koo likamkauka. "Mama! Niko humu, mama!"

Kule nje maongezi yakakatika. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Nani anagonga humo stoo?" mama akauliza.

"Panya tu, mama," sauti yake ikajibu, karibu kabisa na tundu la ufunguo.