Lifti na Vishanga vya Kioo

Watu walikuwa wamejazana mbele ya lifti ya jengo la maabara, kila mmoja akisukuma awahi kazini, mara dada mmoja akashuka ngazi mbio, koti jeupe likipepea, mtandio wa manjano umeponyoka bega moja.

"Nani kaiwasha hii lifti?"

Fundi, kijana mrefu mwenye ovaroli lililolowa grisi, aliinua bisibisi. "Mimi, dada. Watu wanataka kupanda."

"Kwani ngazi zimeota miiba?"

Watu wakacheka. Fundi alisahau hata kucheka. Macho yalikuwa yameganda kwenye ule mtandio. Akamfuata hadi chumba cha hadubini, akaonyeshwa kosa lake.

"Mwanga una sehemu isiyosafiri," dada alieleza kwa hasira. "Inang'ang'ania juu ya kitu chenyewe, ukisogea kidogo tu, imekufa. Ndiyo maana hadubini peke yake haikioni kirusi. Hivi vishanga vya kioo, vidogo kuliko chembe ya unga, nikivilaza juu yake vikakigusa, vinaudaka ule mwanga kabla haujafa na kuikuza picha. Sasa lifti yako ikipita, meza inatikisika, vishanga vinahama. Kazi yote kwisha!"

"Kwa hiyo lazima vigusane?"

"Lazima."

"Bahati yao."

"Hebu nitokee hapa!" Lakini alikuwa anatabasamu.

Tangu hapo Fundi alizima lifti kila asubuhi, akisingizia kupaka kamba grisi, kisha akampigia Dada simu juu: "Nimezima, malkia."

"Asante, Grisi wangu. Umekunywa chai?"

Wangeishi hivyo wakazeeka, kama si Mkurugenzi. Mtu hajawahi kuchungulia hadubini maisha yake yote, lakini ndiye aliyetoa amri: picha ya kirusi ipatikane leo kabla ya chakula cha mchana, la sivyo chumba kigeuzwe stoo ya viti. Viti! Na mtu mzima akapewa ofisi yenye zulia kwa akili hiyo.

Siku hiyo Fundi alizima mapema. Dada alikuwa ndiyo kwanza amevilaza vishanga, meza ikatetemeka. Akapiga simu.

"Umewasha!"

"Mpenzi, bosi kaninyang'anya ufunguo, anasema yeye hapandi ngazi..."

"Kumbe mkate wako ni mtamu kuliko mimi!" Akakata. Fundi alipiga, akapiga tena.

Dada akajifuta machozi kwa mkono wa koti, akadondosha tone jingine la sampuli kwenye kioo. Lifti ikanguruma tena: Mkurugenzi anakuja kukifunga chumba, peke yake kama kawaida, maana wafanyakazi wadogo hawakuruhusiwa kupanda naye. Ghafla ngurumo ikakatika. Simu ikalia.

"Usikate! Laza vishanga vyako."

"Bosi yuko wapi?"

"Yumo ndani, katikati ya ghorofa mbili, mota nimeichomoa waya. Taa anayo, feni anayo."

"Wewe! Utafukuzwa kazi!"

"Piga picha kwanza, tugombane baadaye."

Mlio wa ngumi za Mkurugenzi ulisikika kwa mbali. Meza ilitulia. Ndani ya kishanga kimoja vikajitokeza virusi, vimejipanga kama punje za mtama, kila kimoja na umbo lake. Dada akabonyeza kamera.

Mkurugenzi alipotolewa, jasho likimchuruzika, alimfukuza Fundi papo hapo, kisha akaipokea picha kwa mikono miwili. "Nilijua nitafanikiwa," akasema. Nitafanikiwa, eti!

Dada alimwacha akiongea, akamkimbilia Fundi ngazini.

"Nilikukatia simu, Grisi."

"Ulinikatia."

"Nisamehe. Chumba kimebaki, ila wewe..."

"Nitapata lifti nyingine. Wewe ukichelewa kuolewa nami, ndiyo tatizo."

"Hiyo ndiyo posa? Umeshika begi la spana?"

"Ovaroli nitalifua. Unanikubali au hunikubali?"

Dada akamshika mkono wenye grisi, akaubana kifuani hata mtandio wa manjano ukaingia madoa. "Nimekubali, msumbufu wewe."

Juu, Mkurugenzi alibonyeza kitufe, akabonyeza tena. "Fundi! Nani ataniwashia lifti?"

Hawakugeuka. Walishuka taratibu, mkono kwa mkono, na jengo zima lilikuwa limetulia.